Wanaoitwa na Wasioitwa

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikishamalizika mwezi Mei, hutoka tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, likiwaita wahitimu kambini, pamoja na orodha za nani amepangiwa wapi: Ruvu, Mafinga, Makutupora, Bulombora, Nachingwea, Oljoro. Sisi wazazi hulipokea kila mmoja kwa namna yake. Wapo wanaoshukuru waziwazi kwamba hatimaye mtoto ataamshwa alfajiri na mtu asiyembembeleza. Wapo wanaonyamaza, wakasoma jina la kambi mara mbili tatu, kisha wakaanza kuulizia kama huko kuna baridi au mbu wengi. Mimi kwa miaka mingi sikujua niko upande gani, kwa kuwa jambo lenyewe halikunigusa. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1996, miaka miwili baada ya mafunzo hayo ya lazima kusitishwa, na kizazi changu kilipita bila kuulizwa. Hata sasa, binti yangu ameshakwenda na ameshamaliza, nikiulizwa kama ni haki nchi kumwita kijana kwa lazima huanza kujibu vizuri tu, kisha nasita.

Swali lenyewe si geni hapa kwetu. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana waliojitolea. Mwaka 1966 sheria ikawalazimisha wasomi. Mwaka 1994 Serikali ikasitisha kwa kukosa fedha, na mwaka 2013 ikarudisha, na baadhi ya wabunge vijana wakaingia kambini wenyewe ili kuonyesha mfano. Siku hizi nasoma kwamba Ulaya nako mjadala umefufuka: Sweden waliacha mwaka 2010, wakaamua kurudisha mwaka 2017, Latvia wamerudisha mwaka 2024. Wao wanaitazama Urusi, hasa tangu majeshi yake yalipoivamia Ukraine Februari 2022. Sisi hatukurudisha kwa hofu ya jirani. Tulirudisha, ukisikiliza hoja za wakati ule, kwa sababu vijana wamelegea, hawaipendi nchi yao, hawana ukakamavu. Ni hoja za mzazi aliyechoka zaidi kuliko za jemadari, na labda ndiyo sababu hazikuwahi kunikaa vizuri moyoni.

Mwaka 1987 kaka yangu mkubwa alipoitwa Mafinga, bibi yetu mzaa mama alilia. Baba alimweleza kwamba ni mwaka mmoja tu, kwamba huko watalima na kufundishwa kwata na siasa, na kwamba akitoka huko ataingia Chuo Kikuu. Bibi aliitikia kila neno, kisha akauliza tena lile aliloanza nalo: nani atakayemrudisha? Nilikuwa mtoto, nikaona ni uzee. Ilichukua miaka mingi kabla sijaelewa kwamba bibi alikuwa anazungumzia mambo mengine kabisa. Mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wakiwasukuma Wajerumani kuelekea kusini, vita vilipita Morogoro, chini ya milima yetu ya Uluguru, na pande zote mbili zilichukua wanaume vijijini kubeba risasi, unga na majeruhi. Barabara hazikuwepo, farasi na punda walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo vita vile vilibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wengi wao hawakuandikwa majina popote. Eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, tunapokwenda kununua vitenge na vyombo, ndipo ilipokuwa kambi yao. Bibi alizaliwa baada ya vita kwisha, lakini alikulia katika nyumba ambayo baba yake mkubwa alichukuliwa akiwa shambani na hakuonekana tena. Kwake, Serikali ikimtaka kijana wako, kazi inayobaki ni kungoja.

Nimelirudia sana lile swali la bibi, kwa sababu tunapojadili leo huanza hesabu mwaka 1963, kana kwamba kulazimishwa kumeanza na bendera yetu. Yeye alianzia mbali zaidi. Alijua mamlaka inayochukua na mamlaka inayorudisha zinaweza kuvaa sare zinazofanana, na hakuona kwa nini aamini mapema.

Kaka alirudi. Alirudi amekonda, sauti imekuwa nzito, na alikula haraka kama mtu anayeogopa filimbi. Alisimulia machache: baridi ya Mafinga kabla ya jua, mchakamchaka, mashamba ya mahindi yasiyokwisha, kulala hanga moja na vijana ambao majina ya makabila yao alikuwa ameyasoma tu kwenye kitabu cha jiografia. Habari ya nidhamu sikuwahi kuiona, maana kaka alikuwa mtu wa nidhamu kabla hajaenda. Alichokuja nacho nilikiona baada ya miaka zaidi ya ishirini, siku tulipomzika baba. Alifika mwanamume mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Kigoma, akaketi kwenye mkeka pamoja na wanaume wa ukoo, na ulipofika wakati wa kufukia kaburi akasimama, akakunja mikono ya kanzu, akapokea chepeo kutoka kwa binamu yangu. Hakuna aliyemjua. Wazee walidhani ni wa upande wa mama, akina mama wakadhani ni wa upande wa baba. Kumbe vitanda vyao vilikuwa vimepakana kule Mafinga, na kaka alipoumwa homa huyu ndiye aliyekuwa akimchukulia chakula. Yeye Mwislamu wa Kigoma na sisi Wakatoliki wa Uluguru, na bila ile amri ya Serikali wasingekutana hata kituo cha basi.

Siku ile nilidhani nimepata jibu. Nilisema moyoni kwamba haya ndiyo waliyoyataka waasisi, na kwamba afadhali mafunzo yarudi. Watoto wetu sasa wanatenganishwa mapema mno. Ada peke yake inatosha kuwagawa tangu chekechea, huyu kwenye basi la njano la shule ya kulipia, yule peku kwenye darasa la watoto mia. Ikiwa ipo sehemu moja ambapo mtoto wa Masaki na mtoto wa Kasulu watakula maharage ya sufuria moja na kulinda lindo moja usiku, kwa nini tuikatae? Bado naiamini hoja hiyo. Ila nimegundua kwamba inasimama kwa sharti moja tu, kwamba mtoto wa Masaki awe amekwenda kweli.

Hapo ndipo ninapokumbuka kisa cha mwaka 1966, ambacho nyumbani tulisimuliwa kama kisa cha vijana wenye kiburi. Serikali ilipotangaza kwamba wasomi wote watatumikia taifa miaka miwili, miezi mitano wakiwa kambini na iliyobaki wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba. Walibeba bango lililosema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Baba alisimulia mpaka hapo, kwa kuridhika kabisa, na kwa miaka mingi na mimi niliishia hapo. Kama bango lile lingebebwa mbele yangu leo, sidhani kama ningelitetea. Lakini siku hiyohiyo Mwalimu alifanya jambo la pili. Alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa serikalini nayo ikapunguzwa. Jambo hili la pili limenisumbua kuliko la kwanza. Mtu hakati mshahara wake kwa sababu ya maneno ya vijana wapuuzi. Ndani ya madai yao, pamoja na ubinafsi wote uliokuwemo, palikuwa na swali la haki: sisi tunaambiwa tujinyime, na wanaotuambia je? Mwalimu aliwaadhibu waliouliza, kisha akalijibu swali. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi. Siwezi kuthibitisha kwamba hili lilizaa lile, ila kila nikiyatazama nayaona yamekaa karibu mno.

Kwa hiyo jina la binti yangu lilipotoka, nililipokea nikiwa na mambo haya yote kichwani, na bado sikuwa na msimamo. Alipangiwa Maramba, Tanga. Tangazo lilitaja vitu vya kubeba: bukta ya buluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za buluu bahari, soksi nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Lilisema pia kwamba wahitimu wenye ulemavu wa kuonekana waripoti Ruvu, kwenye miundombinu ya kuwafaa, na maneno hayo yalinifariji, maana yalionyesha kuna mtu aliyekaa akafikiria nani anaitwa. Nilirudia pia kuyasoma yale ya nauli ya kurudi. Bibi angependa kuyasikia.

Bukta zilizokuwepo madukani zilikuwa fupi, au zina zipu, nikanunua kitambaa nikakipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Fundi alimpima Neema, binti yangu, kwa tepu, kiuno hadi goti, na kijana wake akawa anaandika vipimo kwa chaki pembeni mwa kitambaa. Kijana huyo ni rika la Neema. Aliishia kidato cha nne, na tangu hapo anakaa na baba yake pale barazani, anapiga pasi, anashona vifungo, anawasha makaa. Akauliza bila kuinua macho:

“Dada, umepangiwa wapi?”

“Maramba.”

“Una bahati.”

Neema alinitazama, kwa sababu wiki nzima tulikuwa tukizungumzia kuitwa kwake kama mzigo. Fundi akasema, “Mama Neema, huyu kila nafasi za kujitolea zikitangazwa anapeleka barua wilayani. Hawajamchukua.” Alisema kwa utulivu, mguu ameshauweka juu ya pedali, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Nilirudi nyumbani na bukta ile nikiwa nimetahayari, na ilinichukua muda kujua ni kwa nini. Kambi ni zilezile na maafande ni walewale. Lakini kuna mlango wa wanaoingia kwa mujibu wa sheria, waliofika kidato cha sita, ambao wengi wao wangependa waachwe wangoje matokeo na vyuo. Na kuna mlango wa wanaojitolea, unaogombewa na maelfu ya vijana ambao shule iliwaacha njiani, kwa kuwa majeshi yetu huchukua waajiriwa wengi kutoka humo. Anayelazimishwa hataki, anayetaka hapati nafasi. Na hata anayepata hana uhakika. Vijana wa JKT walijenga ukuta wa kuzunguka migodi ya tanzanite kule Mirerani, kilomita 24.5, uliozinduliwa Aprili 2018, na taifa zima likawapigia makofi. Aprili 2021 vijana 854 wakaondolewa JKT baada ya kugoma wakidai ajira. Najua jeshi haliwezi kuendeshwa kwa migomo, wala sitaki liendeshwe hivyo. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba tunazungumza kuhusu uzalendo kana kwamba ni kitu kinachopungua kwa vijana, ilhali kwenye baraza la fundi yupo kijana ambaye amekuwa akiutoa bure na hakuna anayeupokea.

Lipo jambo lingine ambalo maneno ya nidhamu hulifunika, nalo ni bunduki. Neema alipopata ruhusa ya kupiga simu, aliniambia kwa sauti ya furaha kwamba sasa anaweza kuifungua SMG na kuifunga tena. Nilimpongeza. Nilipokata simu nilikaa jikoni bila kuwasha jiko. Mafunzo haya, pamoja na kulima na kuimba na kupanda miti, yana maana yake ya mwisho, na maana hiyo nchi yetu imewahi kuidai. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, waliokwenda mbele hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Vijana wa JKT na mgambo waliingizwa jeshini kwa maelfu, wakatembea kwa miguu mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengine hawakurudi. Mzazi anayesema mpelekeni akanyooshwe tabia, je, amefikiri kwamba anamkabidhi kwa ajili ya hilo pia? Mimi sikuwa nimefikiri. Na nilipofikiri sikupata sababu ya kusema wa kwangu asiende na wa mwenzangu aende. Kama vita vya Kagera vilikuwa vya haki, na naamini vilikuwa vya haki, basi vilibebwa na watoto wa watu fulani, na watu hao hawakuwa wa thamani ndogo kuliko mimi.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo na kusema lazima ni nzuri, kwa sababu upo mfano wa Eritrea. Sheria yao ya mwaka 1995 inasema miezi 18. Vikaja vita na Ethiopia kati ya mwaka 1998 na 2000, na tangu hapo utumishi huo umekosa mwisho. Watu wameingia wakiwa vijana, wakawa wazazi na hata kuota mvi wakiwa bado chini ya amri, na wengi wamekimbia nchi kwa sababu hiyo. Wao pia walikuwa na sheria nzuri. Lililopotea ni siku ya kurudi. Nikiyasoma hayo humwona bibi yangu ameketi uani, anauliza lile lile.

Neema alimaliza miezi yake, akarudi akiwa mweusi na mwenye miguu iliyojaa makovu ya mbu. Nidhamu niliyoahidiwa na majirani haikukaa. Haikupita muda akawa analala mpaka saa tatu asubuhi kama zamani, na sahani anaiacha pale alipokula. Niliacha kulihesabu hilo. Yapo mengine niliyoyaona yanabaki. Anapiga simu Songea na Bukoba kwa watu ninaowajua kwa majina ya utani tu. Habari za uchaguzi, bajeti na ajira, ambazo zamani aliziruka, sasa anazisoma, na anauliza maswali kwa ukali kidogo, kama mtu anayedai. Usiku mmoja aliniambia kwamba katika hanga lao walikuwemo wasichana waliolia kwa kukosa simu, na walikuwemo wengine ambao kula mara tatu kwa siku kulikuwa kugeni kwao. “Mama, nilikuwa sijui,” alisema. Sikujua niongeze nini, kwa sababu mimi nilijua na sikuwa nimemwonyesha.

Basi nimefika wapi? Nadhani nchi inaweza kuwaita vijana wake kwa lazima na isiwe imewadhulumu, ila naliamini hilo kwa shingo upande, na niko tayari kuliacha nikionyeshwa nisiyoyaona. Haki yake haitoki kwenye tabia za vijana, ziwe mbaya au nzuri. Inatoka kwa wanaoita: kama wameita wote, kama wametaja siku ya kuwarudisha na wakaishika, na kama na wao wamepunguza kitu chao, kama alivyofanya Mwalimu baada ya kuwafukuza wale wanafunzi. Pale lazima hiyo inapowaangukia wasio na mtu wa kuwapigia simu, ninarudi kwa bibi yangu na kulia naye.

Mwakani, orodha zikitoka, tafuta kwanza jina la mwanao. Ukishaliona, tafuta na la mtoto wa diwani wako, la mtoto wa mkurugenzi na la mtoto wa mbunge, kama nao wamemaliza mwaka huo. Mwingine akiwa hakuripoti, ulizia kwenye mkutano wa mtaa, kwa heshima, na usikae mpaka ujibiwe. Kisha nafasi za kujitolea zikitangazwa wilayani, mwambie yule kijana wa jirani aliyeishia kidato cha nne, msomee tangazo, msaidie kuandika barua, umsindikize akaipeleke kabla tarehe haijapita.